Sura ya Sita: Unasikia?

"Unasikia?" daktari aliniuliza.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, shati nimevua, shavu limenata kwenye mpira wa kitanda. Kitu pekee nilichokiona kilikuwa kandambili za nesi. Nyuma ya bega langu la kulia palikuwa na uvimbe niliokaa nao miaka minne. Ulianza kama punje ya harage, ukafikia ukubwa wa kete ya bao, na siku niliposhindwa kuvaa begi bila kukunja uso nikaamua kwenda kuutoa. "Kazi ya nusu saa," niliambiwa kwenye dirisha la malipo. "Unapigwa ganzi, unatolewa, unakwenda zako nyumbani."

"Nasikia," nilimjibu daktari.

Akasimama. Nikamsikia akishusha pumzi, kichupa kikagongwa kwa ukucha, bomba likavuta dawa nyingine. Nilichotaka kumwambia ni kwamba nasikia vidole vyake vikinibonyeza. Alichoelewa yeye ni kwamba nasikia kisu. Sindano ile ya nyongeza haikuniuma, maana mahali penyewe palikwisha kufa, lakini wala sikuihitaji.

Dakika chache baadaye kosa likageuka upande wa pili. Alikuwa amefika ukingoni mwa uvimbe, mahali ambapo dawa haikuenea. "Unasikia?" "Nasikia kidogo," nikasema kwa adabu, kwa sababu sikutaka kumchelewesha tena. Safari hii akadhani nasikia kuguswa tu, akaendelea. Kilichopita begani mwangu kilikuwa kama uzi wa moto unaovutwa taratibu. Nikauma meno, nikanyamaza. Nesi ndiye aliyeona vidole vyangu vya miguu vikijikunja. Akainama karibu na sikio langu.

"Kaka, unasikia uchungu, au unasikia unaguswa tu?"

"Uchungu."

"Basi sema uchungu. Ukisema unasikia, kila mtu humu ndani anaelewa lake."

Sura hii imetoka kwenye sentensi ile.

Mlango mmoja umefungwa, mingine iko wazi

Kiswahili kimelibebesha neno kusikia mzigo mkubwa. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, kiu, uchungu, raha na hata aibu. Macho yamepewa kuona, ulimi umepewa kuonja, na karibu mengine yote yakatupwa kwenye kapu la kusikia. Kuna neno kuhisi, nalo zuri, ila mtu aliyelala kifudifudi huku anachanwa hatafuti maneno ya darasani. Atasema analolisema kila siku.

Sokoni au nyumbani hilo halina hasara. Hasara inaanza kwenye chumba cha upasuaji mdogo, kwa sababu pale mgonjwa yuko macho na hisia zake zimegawanyika: moja imezimwa, nyingine zote zinafanya kazi. Anayetolewa uvimbe, chunjua au kipande cha ngozi cha kupelekwa maabara halazwi usingizi. Anapigwa ganzi mahali padogo tu. Masikio yake yako vilevile, pua yake iko vilevile, na hata ngozi ile iliyotiwa ganzi haijafa yote.

Sababu iko kwenye mishipa ya fahamu. Ngozi haina mshipa wa aina moja unaopeleka kila habari kwenye ubongo. Mishipa myembamba ndiyo inayobeba maumivu, joto na baridi. Mishipa minene, iliyovikwa utando mzito, inabeba mguso, mgandamizo na mtikisiko. Habari husafiri ndani ya mishipa hiyo kwa chembe za sodiamu kuingia kupitia vijilango vidogo, na dawa ya ganzi kazi yake ni kuviziba vijilango hivyo. Kwa kawaida mishipa myembamba huzibika kwanza, ile minene hubaki ikifanya kazi kwa kiasi. Ndiyo maana mtu anaweza kukatwa bila maumivu yoyote huku akijua kabisa kwamba anavutwa, anabonyezwa, anasukumwa, kana kwamba kuna mtu anachezea nguo aliyoivaa.

Mgonjwa asiyeambiwa hayo mapema akisikia mkono unavuta ngozi yake hudhani ganzi imekwisha. Moyo unaenda mbio, mwili unakaza, na anaanza kuyasubiri maumivu ambayo pengine hayaji. Sentensi moja kabla ya kisu ingemtosha: utasikia unaguswa na kuvutwa, hutakiwi kusikia uchungu, na ukiusikia, taja neno uchungu.

Embe bichi na magadi

Neno ganzi hatukulijulia hospitalini. Mtoto akila embe bichi au ukwaju kupita kiasi, meno yanaingia ganzi: yapo, ila hayatafuni. Mguu ukikaliwa muda mrefu unakufa ganzi. Kwa hiyo tayari tulikuwa na jina la hali hii kabla Ulaya haijapata dawa ya kuileta, na dawa hiyo ilichukua muda kupatikana. Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari kijana Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi kiasi cha kuweza kulipasua. Kokeini ilikuwa na sumu na uraibu wake, kwa hiyo wakemia wakatafuta mbadala. Mjerumani Alfred Einhorn akatengeneza prokeini mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha mwaka 1943, mjini Stockholm, mkemia Nils Löfgren akaunganisha ile tunayoiita lignokeini, na mwenzake Bengt Lundqvist akajichoma mwenyewe ili kuipima. Iliingia sokoni mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo iliyomo katika vichupa vingi utakavyovikuta kwenye zahanati na hospitali zetu.

Ajabu ni kwamba dawa hii na embe bichi vina undugu wa kweli: vyote ni vichachu. Lignokeini huwekwa na uasidi ili isiharibike kabatini, na ile iliyochanganywa na adrenalini huwa chachu zaidi, ikikaribia uchachu wa nyanya. Ule mwako unaousikia sindano inapomimina dawa, sehemu yake kubwa ni uchachu huo kukutana na nyama isiyouzoea. Madaktari wa ngozi wamejua dawa yake kwa muda mrefu: sehemu moja ya sodiamu baikaboneti kwa sehemu tisa au kumi za lignokeini, zikichanganywa muda mfupi kabla ya kutumika. Baikaboneti ni ndugu wa magadi. Mpishi wa maharage aliyezoea kutia magadi jikoni hatashangaa kwamba kitu kidogo cha jamii hiyo kinaweza kuvunja ukali.

Uchachu haumalizi hadithi. Maumivu mengine ya sindano ni mawili: ya ncha kuchoma na ya maji kutanua nyama. Ya kwanza hupunguzwa na sindano nyembamba, zile za namba 27 au 30, ambazo kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ncha inavyokuwa nyembamba. Ya pili hupunguzwa na kitu kisichouzwa popote, nacho ni polepole. Dawa ikisukumwa kwa haraka, ngozi inapasuliwa ndani kwa ndani. Ikisukumwa taratibu, inajipitishia njia. Kichupa kilichotoka kwenye baridi kikipashwa kwanza kufikia joto la mwili, dawa haiumi sana, na hilo halina gharama. Na daktari anayechoma tena kwa kupitia mahali palipokwisha kufa ganzi, akitoka hapo kwenda mbele, mgonjwa wake huhesabu sindano moja hata kama amechomwa tano.

Kuna pia ujanja ambao kila mama anaujua. Mtoto akijigonga goti, mama hulichua papo hapo. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza waliupatia ujanja huo maelezo ya kisayansi: kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na habari za mguso zinazokuja kwa mishipa minene zinaweza kulibana lango hilo zile za maumivu zisipite zote. Ndiyo maana nesi anayeifinya ngozi au kuitikisatikisa karibu na sindano anafanya kazi ya kitabibu, ingawa mgonjwa anaweza kudhani anachezewa.

Baada ya sindano kuna kusubiri, na hapo ndipo foleni inapokuwa adui. Lignokeini hushika katika dakika chache. Adrenalini, inayowekwa ili kuibana mishipa ya damu na kuifanya ganzi idumu, inahitaji dakika kumi hivi au zaidi ili ifanye kazi yake sawasawa. Kwa ngozi nyeupe daktari huona mahali pamepauka, akajua wakati umefika. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo saa ya ukutani ni shahidi mzuri kuliko jicho. Adrenalini hiyohiyo inaweza kuukimbiza moyo wa mgonjwa kwa dakika chache. Aliyeambiwa atasubiri mbio hizo zipite. Asiyeambiwa ataamini kwamba anakata roho.

Kwa nini isiongezwe tu

Mtu anaweza kuuliza: basi wakiwa na shaka si waongeze tu ganzi, wasihangaike na maneno? Hawawezi kuongeza bila kikomo. Kiwango kinachofuatwa kwa kawaida ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili kwa lignokeini tupu, na 7 ikiwa na adrenalini. Chukua mtu mzima wa kilo 60. Kwa dawa tupu, kikomo chake ni miligramu 270. Kichupa cha asilimia 2 kina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo mililita 13 na nusu zimemaliza haki yake yote. Kwa uvimbe mmoja begani hiyo ni dawa ya kutosha na kusaza. Kwa anayetolewa vidonda vitatu usoni kwa siku moja, hesabu inabana haraka, na kila mililita iliyotumika kwa sababu ya jibu lisiloeleweka ni mililita iliyopotea.

Hapa tena mgonjwa anajua kitu kabla ya daktari. Dawa ikizidi kwenye damu, dalili za kwanza mara nyingi ni za hisia: midomo kuchezacheza na kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kichwa kuwa chepesi. Hakuna anayeweza kuzisikia isipokuwa yeye. Mgonjwa aliyefundishwa kunyamaza ili asimsumbue daktari anaficha kengele ambayo daktari angependa sana kuisikia.

Na kuna mahali ganzi hushindwa kwa haki. Jipu lililoiva ni mfano ambao wengi wetu tumewahi kuwa nao mwilini. Usaha na uvimbe huifanya nyama ya hapo kuwa na uasidi, na katika hali hiyo dawa hushindwa kupenya utando wa mshipa wa fahamu ili ifike ndani inakofanyia kazi. Daktari anaweza kuzunguka, akachoma nje ya wekundu, akasubiri zaidi, na bado mgonjwa akaruka kisu kinapoingia. Mgonjwa huyo hajidekezi. Anachosema kinalingana na kemia ya jipu lake. Kumwambia "si nimekupiga ganzi?" ni kumbishia mtu ngozi yake mwenyewe.

Harufu ya kichwa cha mbuzi

Kwenye bega langu uchungu ulichukua sekunde chache. Yaliyobaki kichwani mpaka leo ni mengine.

Kwanza baridi. Iodini ilimiminwa bila neno, ikateremka mbavuni mpaka kwenye mkanda wa suruali, nami nikadhani ni damu. Kisha damu yenyewe ilipokuja ilikuwa ya uvuguvugu, nikadhani ni iodini. Kitambaa cha kijani chenye tundu kilinifunika mpaka kichwani, nikawa napumua pumzi yangu mwenyewe. Nikasikia vyuma vikigongana kwenye trei. Nikasikia mkasi ukikata kitu kizito, sauti kama ya mtu anayekata ukingo wa jamvi, na nikajua hilo jamvi ni mimi. Nikasikia mazungumzo: "Hii imeshika." "Nipe nyingine." "Si hiyo, ile ndogo." Kwa walioyasema yalikuwa maneno ya kazi. Kwangu mimi kila moja lilikuwa hukumu. Nini imeshika? Imeshika wapi?

Halafu ikaja harufu. Mashine ya kuunguza mishipa ya damu ililia tsss mara mbili tatu, na chumba kikajaa harufu ambayo mtu yeyote aliyekulia karibu na bucha anaijua: kichwa cha mbuzi kikichomwa manyoya juu ya moto. Nilikuwa na uhakika kwamba kuna kitu kimeharibika. Kumbe mashine ile ina karibu miaka mia moja kwenye kazi hiyo. Mmarekani William Bovie aliitengeneza, na mwaka 1926 daktari wa upasuaji Harvey Cushing akaitumia hospitalini Boston. Tangu hapo umeme umefunga mishipa ya damu kwa mamilioni ya watu, na harufu imewafikia wote waliokuwa macho. Dokta angesema tu, "Sasa utasikia sauti kama ya kukaanga na harufu ya nywele kuungua, hiyo ni mashine inazuia damu," ningelala pale nikiwaza kuhusu mbuzi. Nilibaki nikiwaza kuhusu kufa.

Mambo haya yana uzito zaidi kwa watu ambao upasuaji wa ngozi ni sehemu ya maisha yao. Tanzania ina idadi kubwa ya watu wenye ualbino. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 katika kila 1,400. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua na jua toka utotoni, na saratani ya ngozi huwajia mapema, mara nyingi usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mjini humohumo hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wapo wanaorudi kwenye kitanda kile mara ya tatu, ya sita, ya kumi.

Kwa mtu huyo, mambo madogo ya chumba yana ukubwa mwingine. Ualbino haugusi ngozi peke yake, unagusa macho pia. Uoni huwa hafifu na mwanga mkali huyaumiza, kwa kuwa hata duara linalozunguka mboni halina rangi ya kutosha kuuzuia. Sasa mlaze mtu huyo chali, mwashie taa ya upasuaji usoni, kisha mjie na sindano upande ambao haoni vizuri. Ganzi inaweza kuwa kamili na bado umemtesa. Kipande cha kitambaa juu ya macho, taa iliyogeuzwa kidogo, na sauti inayosema "niko kulia kwako, naanza kuosha" havihitaji bajeti.

Kaza moyo

Wengi wetu tumelelewa kwamba mwili unaokatwa haupaswi kusema. Kwenye jando la zamani kijana hakupewa ganzi, na hakutakiwa kupepesa. Kisu cha ngariba kilikuwa mtihani, na jibu lake lilikuwa ukimya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara ya wanaume iwe sehemu ya kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi, huduma ikafunguliwa Nyanza nchini Kenya, Iringa, Njombe na kwingineko Tanzania, na vijana wengi wakatahiriwa kwa sindano ya ganzi wakiwa macho. Mtihani ulibadilika lakini mafunzo hayakubadilika: kijana alipanda kitandani akiwa na ganzi ya kisasa na ukimya wa babu yake. Akiulizwa "unasikia?", anaweza kujibu "hapana" hata kama anasikia vyote.

Upande wa pili tuna uongo wa huruma. "Haiumi" tunamwambia mtoto, sekunde moja kabla haijauma. Baada ya hapo mtoto huyo hatuamini tena, wala hamwamini mwingine yeyote mwenye koti jeupe. Lakini kutia chumvi nako kuna gharama. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la wajawazito 140 waliokuwa wanachomwa sindano ya kufisha ngozi ya mgongo kabla ya ganzi kubwa. Kundi moja liliambiwa litasikia kama nyuki mkubwa anauma, na kwamba hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kundi jingine liliambiwa eneo litatiwa ganzi ili wasipate taabu. Sindano ilikuwa ileile. Waliotajiwa nyuki waliyapa maumivu yao alama za juu zaidi.

Kwa hiyo pana njia nyembamba kati ya "haiumi" na nyuki mkubwa. Njia hiyo ni kuutaja mguso kwa jina lake, na kusema utachukua muda gani. "Baridi, ya dawa ya kuoshea." "Mchomo, kisha mwako, hesabu mpaka kumi." "Mvuto, ni uzi." Na kati ya hayo yote lipo neno letu ambalo lugha nyingi zinatuonea wivu: pole. Pole haimaanishi kwamba nimekukosea. Inamaanisha nimeona kwamba unapitia jambo. Nesi anayesema "pole mama" huku mkono wake uko begani mwa mgonjwa amefanya mawili kwa pamoja: amelibana lango la uti wa mgongo kwa mguso, na amemwondoa mgonjwa kwenye upweke wa kitambaa cha kijani.

Lipo pia jambo la tumbo. Watu wengi wakisikia neno operesheni hufunga kula tangu jana yake. Kwa ganzi ya mahali padogo mara nyingi hakuna haja hiyo, na aliyekuja na njaa, kiu na hofu ndiye anayezimia kwa urahisi. Mapigo hupungua, shinikizo la damu hushuka, jasho jembamba linamtoka, sauti zinakuwa mbali. Dawa yake ya kwanza ni kumlaza na kuinua miguu. Dawa nzuri zaidi ingekuwa kumwambia siku ya miadi: kunywa chai yako, kula, pita chooni, halafu njoo. Na afanyiwe kazi akiwa amelala, hata kama ni chunjua ya kidole.

Daladala ya saa tisa

Niliambiwa kweli: nilikwenda zangu nyumbani. Ambacho sikuambiwa ni kwamba ganzi haina nauli ya kufika mwisho wa njia. Lignokeini tupu hudumu saa moja au mbili hivi, na zaidi ikiwa na adrenalini. Yangu iliniacha ndani ya daladala, nimesimama, mkono juu kwenye bomba, bega limenyooka kabisa kama nimeagizwa kuujaribu ushonaji. Ilianza kwa kuwasha, ikawa kupwita, kisha abiria wa nyuma akashuka na mkoba wake ukanikumbusha kila kitu. Kidonge cha parasetamo kilikuwa mfukoni, kimefungwa vizuri kwenye karatasi ya dirisha la dawa. Kingemezwa kabla ganzi haijaondoka, maumivu yangekikuta kimekwisha kuamka. Niliwahi kudhani dawa ya maumivu inasubiri maumivu.

Mengine niliyajifunza usiku. Kwamba damu ikichuruzika unabana kwa nguvu dakika 15 mfululizo, saa mkononi, bila kufunua kuchungulia kila dakika. Kwamba kidonda kinachovuta na kuwasha siku za katikati kinapona, ila kinachozidi kuuma, kuwa na joto na kutoa usaha kinarudishwa hospitali. Kwamba bega, kifua na ndewe za masikio ndizo sehemu ambazo ngozi yetu hupenda kuotesha kovu linaloinuka na kutambaa nje ya mipaka ya jeraha, na kwamba anayejua kwao kuna makovu ya namna hiyo angelisema kabla ya kisu, kwa kuwa sindano za kulipunguza kovu hilo baadaye ni kati ya zile zinazouma kweli.

Nilirudi kutolewa nyuzi baada ya siku 12. Daktari hakuwepo. Nesi alikuwa yuleyule, na kandambili zilezile. Safari hii sikulala kifudifudi. Aliniketisha kwenye stuli, akaniambia maji yana baridi, kisha yakawa na baridi. Akaniambia atashika fundo na kulinyanyua, kisha akalinyanyua. Chuma kidogo kililia karibu na sikio langu.

"Unasikia?" akauliza, kisha akacheka mwenyewe.

Nikafikiri kwanza, kama mtu anayechagua embe.

"Nasikia uzi," nikasema. "Unapita."

"Haya," akasema, akauweka kwenye trei. "Zimebaki tano."